Lugha ya Mguso na Mwendesha Baiskeli wa Kiambere: Wanakiswahili Tuko Wapi?

Kila yanapozuka mazungumzo kuhusu nafasi ya Kiswahili katika teknolojia, sisi wanafunzi wa lugha hii hukimbilia uwanja mmoja tuliouzoea, nao ni uwanja wa istilahi. Tumebishana vya kutosha kuhusu kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Tumebishana kuhusu simu ya mkononi na rununu, na baadhi yetu tumejipatia alama nzuri za mtihani kutokana na ubishi huo. Sibezi kazi hiyo, kwani lugha isiyo na istilahi hukwama njiani. Hata hivyo, makala haya yanakusudia kudai kwamba kuna kazi nyingine iliyotusubiri kwa muda, ambayo haihusu kukipa chombo jina bali kukipa lugha ya kusemea. Chombo chenyewe ni kielekezi cha mguso cha mwendesha baiskeli. Mahali ninapokizungumzia ni Kiambere, katika nchi ya Wambeere, Kaunti ya Embu, nilikozaliwa na kulelewa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana na chombo cha aina hii, maelezo mafupi yatafaa. Simu ya kisasa hujua mahali ilipo kwa kupokea mawimbi ya setilaiti. Ikishajua hapo ilipo na pale mwenyewe anapotaka kwenda, huweza kumwelekeza kwa njia mbili zinazofahamika: kwa ramani machoni au kwa sauti masikioni. Njia ya tatu ni ngozi. Mota ndogo sana, za aina ile ile inayoifanya simu itetemeke mfukoni (ndani yake mna kipande cha chuma kilichoelemea upande mmoja, nacho kikizungushwa kwa kasi hutikisa kila kilichokizunguka), hufungwa kwenye mishiko ya usukani, kwenye vifundo vya mikono au kwenye ukanda wa kiunoni. Mwendeshaji hahitaji kutazama wala kusikiliza. Huguswa, akajua.

Wenzetu wa Ulaya wamelishughulikia suala hili kwa muda sasa. Mwaka wa 2005, watafiti wa Uholanzi, akiwemo Jan van Erp, walichapisha matokeo ya majaribio ya ukanda wa kiunoni unaomwelekeza mvaaji kwa mitetemo. Mwaka huo huo, kundi la Peter König la Chuo Kikuu cha Osnabrück, Ujerumani, lilieleza ukanda wake unaotetemeka daima upande wa kaskazini, ili mvaaji aishi akiihisi kaskazini mwilini mwake kama anavyolihisi joto au baridi. Huko Oldenburg, Benjamin Poppinga, Martin Pielot na wenzao walibuni Tacticycle, ambapo mishiko miwili ya usukani hutetemeka kwa nguvu zinazotofautiana kulingana na upande wa mahali paendewapo. Mwaka wa 2013, Haska Steltenpohl na Anders Bouwer wa Amsterdam wakatoa Vibrobelt, ukanda uliotengenezwa mahususi kwa waendesha baiskeli, unaoarifu upande wa kufuata, umbali uliosalia na mwisho wa safari. Kazi hizi zote zimejengwa juu ya hoja moja iliyo wazi, kwamba macho na masikio ya mwendesha baiskeli ni mali ya barabara.

Hoja hiyo niliifahamu mwilini kabla sijaisoma popote. Katika mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili, nikiwa mgeni jijini, nilipanda baiskeli nikiwa na vipaza sauti vidogo masikioni ili simu inielekeze. Sauti ikaniambia nipinde kushoto. Katika kuisikiliza sauti hiyo sikuisikia matatu iliyokuwa ikinipita upande wa kulia, na kioo chake kikaupiga mkono wangu. Nilianguka kando ya lami, nashukuru, wala si ndani yake. Nchini Kenya watu zaidi ya 4,000 hufa barabarani kila mwaka katika miaka hii ya karibuni, na mtu wa baiskeli hana bati wala mkanda wa kumkinga.

Tukio la pili ndilo lililonifanya niyaandike haya, nalo ni la zamani zaidi. Mwaka wa 2013, nikiwa kidato cha pili, habari ilifika nyumbani usiku kwamba dada yake nyanya alikuwa mahututi upande wa pili wa Kilima cha Kiambere. Baiskeli ilikuwa moja na mwenye miguu ya kuiendesha nilikuwa mimi. Nyanya akapanda kwenye keria, akajifunga leso yake vizuri, tukaondoka. Haukupita muda tochi ikafa. Tuliishi karibu na mitambo ya umeme, lakini njia yetu haikuwa na taa hata moja. Upepo ulikuwa ukivuma usoni, na kila alilosema nyanya nililisikia nusu. Basi akaacha kusema. Akawa ananigusa.

Nitayaeleza mawasiliano yale kwa uangalifu kwa sababu ndiyo kiini cha hoja yangu. Pigo jepesi kwenye bega la kulia lilimaanisha nielekee kulia, na kwenye bega la kushoto hali kadhalika. Mapigo mawili ya haraka yalimaanisha kona ni kali. Kulivuta shati langu kwa nyuma kulimaanisha nisimame. Katikati ya hayo yote kiganja chake kilikuwa kimetulia mgongoni mwangu, baina ya mabega, nami nilifahamu pasipo kuambiwa kwamba maadamu kiganja kipo, njia ni ile ile. Nyanya hakuwa na macho makali kunishinda. Aliijua njia ile kwa miteremko yake, kwa mchanga wa makorongo chini ya magurudumu, kwa ubaridi unaomjia mtu anapokaribia mkondo wa maji. Kuna mahali kiganja kiliondoka. Nilishika breki papo hapo. Alikuwa amepotewa, na alikuwa akijaribu kukumbuka kama tumelipita boma fulani au bado. Tulishuka, tukasukuma baiskeli kwa miguu mpaka akapata uhakika, kisha tukapanda tena na kiganja kikarudi mahali pake.

Ningependa wahandisi wa vielekezi wakutane na nyanya huyo. Katika vielekezi vingi vya sauti, kimya humaanisha endelea mbele. Ni kanuni inayoeleweka kwa urahisi na inayookoa chaji ya betri. Lakini kimya cha chombo kina maana nyingine pia: betri imekwisha, waya umekatika, setilaiti haionekani kutokana na kilima. Mwendeshaji aliye gizani hawezi kuzitenganisha maana hizi. Kwa istilahi za wanasemantiki wetu, hiki ni kiashiria kimoja chenye viashiriwa viwili vinavyopingana, na hapa utata huo hauishii kwenye karatasi ya mtihani. Nyanya aliuondoa utata kwa kukifanya kimya kuwa na umbo. Kiganja kilichotulia ni ujumbe, na kuondoka kwake ni ujumbe wa pili. Kielekezi kinachofuata sarufi ya nyanya kingetoa mguso hafifu wa mara kwa mara, wa kusema tu kwamba nipo nawe, na kukosekana kwake kungekuwa amri ya kusimama.

Natumia neno sarufi kwa makusudi. Wanafunzi wenzangu wa isimu wanafahamu kwamba tangu Ferdinand de Saussure tumefundishwa kwamba uhusiano wa neno na maana yake ni wa kinasibu, yaani hauna sababu ya kimaumbile. Mguso wa upande wa kulia kumaanisha kulia hauonekani kuwa wa kinasibu hata kidogo. Unaonekana kama jambo lililo wazi ambalo mtoto angelielewa. Je, ni kweli? Hebu tumtazame punda. Kule kwetu punda ndiye mbeba maji, na kila mtoto aliyewahi kumswaga anajua kwamba fimbo ikimgusa upande wa kulia, punda hukata kushoto. Hulikimbia guso. Baadhi ya magari ya kisasa nayo yana viti vinavyotetemeka upande ule ambao gari linatoka nje ya mstari wake, ili dereva arudi upande wa pili. Kwa hivyo tunazo kaida mbili zinazopingana: guso linaloita na guso linalofukuza. Mtu huyo huyo wa Kiambere huzitumia zote mbili katika siku moja, ya kwanza akiwa na abiria mgongoni, ya pili akiwa nyuma ya punda. Ni ipi itakayomjia kwanza akiwa na mzigo wa kilo nyingi kwenye keria, kwenye mteremko, mshiko wa kulia ukitetemeka ghafla? Sina jibu, na simwamini yeyote atakayenipa jibu kutoka maabara ya Ulaya bila kuwauliza waendeshaji wenyewe. Kuuliza huko ndiko tunakokuita utafiti wa nyanjani, na ndiyo kazi tuliyosomea.

Yafaa niyaeleze mazingira kidogo, kwani chombo kizuri cha Oldenburg kinaweza kushindwa vibaya Kiambere. Bwawa la Kiambere, lililoanza kuzalisha umeme mwaka wa 1988, ndilo la chini kabisa katika msururu wa mabwawa ya mto Tana uitwao Seven Forks, baada ya Kindaruma, Kamburu, Gitaru na Masinga. Ng'ambo ya maji ni Kitui. Nchi ni kavu, ya ndengu, mtama, muguka na miti ya mukau. Baiskeli hubeba madumu ya maji, magunia ya makaa, na masanduku ya samaki wanaovuliwa bwawani na kupelekwa sokoni Kiritiri kabla jua halijachomoza. Ukiiacha lami unaingia kwenye njia za vumbi zenye makunyanzi ya kukatana, ambayo huutikisa usukani mpaka meno yagongane. Swali la kwanza basi: mtetemo wa mota ndogo utasikikaje katika mtetemo wa dunia nzima?

Fiziolojia ya ngozi inatupa matumaini fulani. Vipokezi vilivyo ndani ya ngozi vinavyohusika na mtetemo huwa vyepesi zaidi kuhisi mtetemo unapokaribia mara 250 kwa sekunde, ilhali mtikisiko wa barabara mbovu kwa kawaida huwa wa kasi ya chini zaidi ya hapo. Kwa hiyo mota iliyochaguliwa vizuri huweza kusikika juu ya kelele ya njia, kama zumari inavyosikika juu ya ngoma. Lakini zipo pingamizi mbili. Mikono iliyoshika usukani unaotikisika kwa saa nzima huingia ganzi. Pili, kiganja cha mkulima kina sugu, na sugu hupunguza hisi. Kiunoni na mgongoni hakuna sugu, ila huko nako ngozi si nyepesi: nchani mwa kidole mtu hutambua nukta mbili zilizotengana kwa milimita 2 au 3 tu, na ndiyo sababu nukta za Breli zinaweza kukaribiana kiasi kile, ilhali mgongoni nukta hizo huhitaji kutengana kwa takriban sentimita 4. Ukanda wa kiunoni basi hauwezi kuandika insha. Unaweza kusema maneno machache, makubwa, yaliyotengana. Mimi naona hilo si hasara. Nyanya alitumia maneno matano, kama nimehesabu vizuri, tukafika.

Haya yananileta kwenye lugha yetu, ambayo nashikilia kwamba imejiandaa kwa kazi hii kuliko tunavyodhani. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Gikuyu nayo, ambayo ni jirani na ndugu wa karibu wa Kimbeere, huuita mkono huo kwa jina litokanalo na kula. Wazee wa pwani waliita upande huo kuume na upande wa kushoto kuke. Maana yake ni kwamba mwelekeo katika Kiswahili haukuanza kwenye ramani, ulianza mkononi. Kaskazini na kusini nazo zimetokana na kaskazi na kusi, pepo mbili ambazo baharia alizihisi shavuni kabla ya kuziona kwenye tanga. Hata salamu yetu ya heshima, shikamoo, wataalamu wengi huieleza kuwa ni kufupishwa kwa tamko la kushika miguu ya mkubwa. Aidha, tazama utajiri wa vitenzi: kugusa, kupapasa, kutomasa, kubonyeza, kufinya, kutekenya, kukwaruza, kupangusa. Kila kimoja kina nguvu yake, muda wake na mwendo wake juu ya ngozi. Mhandisi anayetafuta majina ya aina za ishara za mguso, ambazo kwake ni nambari tu katika programu, angezikuta hapa zikiwa zimekwisha kupangwa, na mwendeshaji angeweza kufundishwa kwa kuambiwa: ukifinywa, simama, ukitekenywa, punguza mwendo.

Mwanafasihi naye ana neno la kuchangia, na hapa naomba radhi kwa kuvutia upande wangu. Kulia na kushoto huweza kuonyeshwa kwa mahali pa mguso, lakini umbali hauna mahali mwilini. Je, zimebaki hatua 20 au 200? Ujumbe huo hauna budi kubebwa na mahadhi, yaani mpangilio wa mapigo na vituo. Waswahili wamekuwa wakipima mahadhi kwa karne nyingi. Mshairi anayetunga mshororo wa mizani 16 uliokatwa katikati kwa kina anajua bila kuhesabu vidole pale mapigo yanapokaribia kituo, na msikilizaji naye anajua. Ni maarifa ya mwili kabla ya kuwa maarifa ya darasani. Mapigo yanayokazana kadiri kona inavyokaribia, kisha yakatua, yangeeleweka na mtu yeyote aliyewahi kucheza ngoma. Sidai kwamba arudhi itaingizwa kwenye ukanda wa betri kama ilivyo. Nadai kwamba anayeijua arudhi ana la kusema katika chumba ambamo mambo haya yanaamuliwa, na kwa sasa hayumo.

Nimeyatoa mawazo haya katika semina yetu ya idara, na nikapingwa. Nashukuru kwamba nilipingwa kwa heshima. Mhadhiri mmoja alisema kwamba mtu wa Kiambere anahitaji maji na barabara, hahitaji ukanda unaotetemeka. Ni hoja nzito na sitaikwepa. Ningeambiwa nichague kati ya kisima na ukanda ningechagua kisima, na ningechagua kwa mikono miwili. Lakini hakuna aliyetupa uchaguzi huo. Simu zimekwisha kufika Kiambere kabla ya lami, na zimefika zikiwa na ramani na sauti ndani yake. Mwenzangu mmoja naye aliuliza kwa nini mwenyeji aelekezwe katika njia alizozaliwa nazo. Hapo alikuwa sahihi kwa nusu. Muuza samaki anaijua njia yake. Asiyeijua ni yule anayelazimika kuingia katika boma asilowahi kufika, mara nyingi jioni. Septemba 2023, serikali ya Kenya ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa vifaa na simu, kila mmoja akitarajiwa kuzihudumia kaya takriban 100. Katika nchi isiyo na majina ya mitaa wala nambari za nyumba, mhamasishaji aliyeitwa na mama mjamzito asiyemjua huelekezwa kwa mukau mkubwa, kwa duka lililofungwa, kwa kona ya pale palipokuwa na kinu. Huyo ndiye ninayemfikiria, akiwa juu ya baiskeli, simu ikiwa mfukoni na si mkononi.

Yuko mwingine ambaye semina yetu haikumtaja, naye ni kiziwi anayeendesha baiskeli. Kwake sauti ya simu haina maana yoyote, wala honi iliyo nyuma yake. Sharti tukumbuke kwamba kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, tunachokinukuu kila mwaka katika Siku ya Kiswahili kwa sababu kinaitaja lugha yetu kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, kinaitaka dola pia ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya, Breli na njia nyingine za mawasiliano zinazowafaa watu wenye ulemavu. Ni kifungu kimoja. Sisi husoma mistari ya mwanzo tukapiga makofi, tukafunga kitabu.

Watu wenye ujuzi wa mguso tunao karibu mno. Igoji, katika Meru, ipo shule ya wasioona ya St. Lucy's, ambako vidole husoma Kiswahili kila siku. Douglas Sidialo, aliyepoteza macho katika shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998 jijini Nairobi, amevuka Afrika kutoka Kairo hadi Cape Town kwa baiskeli ya watu wawili, akikanyaga nyuma ya mwenzake anayeona. Mtu aliyeketi kiti cha nyuma cha baiskeli kama hiyo husoma njia kwa miguu: mnyororo ukilegea anajua mwenzake amepunguza mwendo, kanyagio likikaza anajua mlima umeanza, baiskeli ikilala anajua kona iko wapi. Ningetamani kumwona mhandisi akimuuliza mtu kama huyo maswali kwa siku nzima, na mwanafunzi wa Kiswahili akiandika majibu.

Pendekezo langu kwa chama chetu si la kifahari. Tusiitishe kongamano. Tuwatafute wanafunzi wawili au watatu wa uhandisi wa umeme katika chuo hiki hiki, ambao wengi wao hula nasi katika bwalo moja na hatujui majina yao. Mota za simu mbovu hupatikana kwa mafundi wa simu kwa bei ya chakula cha mchana. Ukanda wa mota nne, mbele, nyuma, kulia na kushoto, unatosha kuanzia. Sisi tutakuwa na kazi ya kukusanya ishara za mguso ambazo watu tayari wanazitumia: abiria kwa mwendeshaji, mama kwa mtoto aliyembeba, mchungaji kwa mnyama, anayemshika mkono asiyeona. Sijaona tasnifu hata moja juu ya mambo hayo katika maktaba yetu, ingawa nimeziona nyingi kuhusu lugha ya matatu. Na tufanye hivyo kabla ya wengine kutuletea msamiati uliokwisha kukazwa, ambao tutabaki kuubunia majina.

Likizo ya Desemba nitakuwa nyumbani. Nimekubaliana na wenzangu wawili kwamba jaribio la kwanza halitakuwa na betri yoyote. Tutawaomba waendeshaji wa sokoni Kiritiri wafungwe macho kwa leso, waketi kwenye baiskeli iliyosimamishwa, tuwaguse upande mmoja bila onyo, tutazame watageuza usukani upande gani. Swali la punda lazima lijibiwe kwanza. Baada ya hapo nitamwomba nyanya apande tena kwenye keria, mchana huu, ili niandike kila anachofanya kwa mkono wake. Nimekwisha kumweleza kwa simu. Alicheka sana, akasema hakumbuki kama aliwahi kunifundisha chochote usiku ule, kisha akakubali kwa sharti kwamba baiskeli iwe na breki za kuaminika kuliko zile za mwaka wa 2013.